Boti Iliyokaa Mlimani Iringa

Mwaka 1983, nikiwa na miaka kumi na saba, nilifukuzwa kwenye nyumba niliyokuwa nafanya kazi za ndani pale Iringa mjini, kwa sababu sukari ilipungua kwenye kopo. Sikuigusa. Mwaka ule sukari ilikuwa kitu cha kufichwa chini ya kitanda, na mwenye nyumba akiona imepungua hakuwa na muda wa kuuliza ni nani. Alimtazama mtumishi, basi, kesi imekwisha. Nilitoka na shati nililovaa na blanketi begani. Habari za ukoo wangu na nilikotokea siziandiki hapa. Hazikunisaidia wakati ule na sasa hazina kazi. Shule niliishia darasa la nne. Anayetaka maneno ya kusomea akatafute kwa wasomi. Mimi naandika niliyoyaona, na nimeanza kuandika kwa sababu juzi tumemzika Mzee Sefu, na kwenye nyumba yake nimekuta kitu ambacho kimeninyima usingizi mtu mzima kama mimi.

Mzee Sefu alikuwa mfanyabiashara wa malori. Wazee wake walitoka pwani zamani, lakini yeye alizaliwa Iringa, na baridi ya Iringa alikuwa haisikii kabisa: kanzu, kofia, kandambili, na tasbihi mkononi. Yadi yake ilikuwa ukingoni mwa mji, pale mlima unapoanza kuteremka kwenda barabara kuu. Nilikwenda kuomba kazi ya kuosha magari. Akanitazama, akaniuliza, "Unaogopa kulala peke yako?" Nikasema siogopi. "Basi nenda kalale kwenye ile," akanyoosha kidole, na nilipogeuka nikaona boti. Boti nzima, nyeupe, ndefu kuliko lori, imekaa juu ya tela lisilo na kichwa katikati ya mafuta machafu na matairi, na mlingoti wake umelazwa juu yake umefungwa kwa kamba. Kutoka pale hadi maji yoyote ya maana ni safari ya siku nzima. Nilidhani mzee ananicheka. Hakuwa ananicheka. Wezi walikuwa wameanza kukata kamba zake, na yeye alitaka mtu wa kulala ndani.

Boti ilikuwa ya Bwana Mwakyoma, Mnyakyusa aliyefanya kazi kwenye meli za wageni zaidi ya nusu ya umri wake. Alipostaafu aliinunua hiyo boti ya tanga Dar es Salaam ikiwa kuukuu, akakodi lori la Mzee Sefu limpelekee hadi Ziwa Nyasa, kwao. Lori lilipanda mlima wa Kitonga likafia juu, injini imekwisha. Likavutwa hadi Iringa, na vipuri vya lori lile nchi nzima havikuwepo. Bwana Mwakyoma akaenda kukaa kwa dada yake Ilomba, Mbeya, na boti ikabaki mlimani inapigwa na jua na vumbi. Nilipoikuta ilikuwa imekaa miaka. Madereva waliipita kama wanavyopita kichuguu.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja ambacho mtu mrefu angeinama, vitanda viwili vyembamba, meza ya kukunja, na harufu ya godoro lililolowa likakauka likalowa tena. Madirisha yake hayakuwa ya kioo cha kweli, yalikuwa ya kioo cha plastiki, mazito, manne ubavuni na moja kubwa kwenye paa lenye bawaba, la kufungua na kupanda nje. Hilo Bwana Mwakyoma aliliita mlango wa paa. Yote yalikuwa yamekufa. Yamekuwa meupe kama macho ya mbwa mzee. Mchana ulikuwa unaingia mle ndani kama maziwa yaliyotiwa maji, huoni mti, huoni mtu, unaona kivuli tu kinapita. Na kwa kuwa mimi sikuona nje, wa nje hawakuniona ndani. Mimi nimeishi katika nyumba nyingi tangu hapo, nyingine nimezijenga mwenyewe, lakini nikiambiwa nifumbe macho nitaje chumba, kinachokuja ni kile, na ule weupe. Chakula nililetewa kutoka jikoni kwa Mzee Sefu na binti yake, Mwanaidi, mtoto wa miaka kama kumi. Ugali na maharage, mara nyingi bila mafuta, maana mafuta nayo hayakuwepo. Alikuwa anagonga ubavu wa boti kwa kijiko na kusema, "Hodi melini!" Fundi wa gereji, Chaula, Mhehe mwenye mdomo usio na breki, kila asubuhi alinisalimu kutoka chini ya lori: "Kamwene Kepteni! Bahari imetulia leo?" Nami nikamjibu, "Mawimbi yote yako kwako, yako kwenye kile kitambi." Watu walicheka. Ndizo zilikuwa raha zetu.

Bwana Mwakyoma alikuja mara ya kwanza wakati wa baridi kali. Mtu mrefu, koti la baharia, anakohoa kikohozi cha chini kabisa, kama mtu anayesogeza sanduku zito sakafuni. Alipapasa dirisha moja la ubavuni kwa kiganja, akasema, "Halijafa hili. Limechubuka ngozi tu." Akanigeukia. "Gwe, wewe kijana, unaweza kufanya kazi ya kurudiarudia bila kukasirika?" Nikasema naweza. "Wote mnasema hivyo." Akanionyesha. Kwanza maji mengi na sabuni, mkono mtupu, bila kitambaa, ili mchanga utoke wenyewe, maana ukisugua na mchanga juu yake unaandika mistari mipya. Halafu msasa wa maji, ule mkali kwanza, ukiwa umelowa muda wote, unasugua kwa kwenda upande mmoja tu. Ukimaliza, unachukua msasa laini zaidi, unasugua kwa kukatiza ile mistari ya kwanza, hadi usiione hata moja. Halafu laini zaidi, unakatiza tena. Kila unapobadilisha msasa, dirisha linazidi kuwa jeupe, na mtu asiyejua atalia kwamba ameharibu. "Usiogope weupe," aliniambia. "Weupe wa kazi sio weupe wa uzee." Mwisho kabisa unaweka dawa ya meno kwenye khanga kuukuu ya pamba, unazungusha, unazungusha, na ndipo kinatokea kitu ambacho hata leo nikikifanya kwenye taa ya lori moyo wangu unaruka kidogo: unaona upande wa pili.

Na akaniambia neno moja, akalirudia akiwa ameshika sikio langu, sio kwa ukali, kama anavyoshikwa mtoto. "Petroli hapana. Dizeli hapana. Thina hapana. Spiriti hapana. Hii sio chuma. Plastiki hii ikinywa petroli, inakuonyesha uzuri jioni na asubuhi inapasuka." Lilikuwa neno gumu kwa mahali kama pale. Pale yadi kila kitu kilioshwa kwa petroli: spana, mikono, breki, nguo za kazi, hata sakafu. Ndiyo ilikuwa sabuni ya watu wa magari. Na mwaka ule petroli ilikuwa ya foleni na vibali, kwa hiyo mtu akikuoshea kitu kwa petroli amekupa heshima, amekupa kitu ambacho angeweza kukitumia kufika Mafinga.

Siku hiyo hiyo niliwasikia. Nilikuwa nimelala ndani, nao wamekaa kwenye matairi chini ya dirisha, hawajui nipo, wanakunywa chai. Bwana Mwakyoma alisema, "Sefu, daktari ameniambia kifua hiki hakina miaka. Nataka masika moja tu. Nilale ziwani, niamke nione milima ya ng'ambo kupitia dirisha langu. Basi." Mzee Sefu akasema Mungu ndiye anajua. "Anajua, ndiyo. Lakini peke yangu siwezi kupandisha tanga tena. Yule kijana wako, madirisha yakipona nitaondoka naye. Nitamfundisha boti. Hana mtu, na mimi sina mtu. Nikifa ibaki kwake." Mzee Sefu akasema, "Mchukue. Kula anakula kidogo." Mimi pale ndani nilijifunika blanketi mdomoni. Katika maisha yangu sikuwahi kusikia mtu akinipangia kitu kizuri nikiwa sipo, na baada ya hapo sijasikia tena. Ziwa nilikuwa sijaliona. Nililitaka kama mwenye njaa anavyotaka chakula.

Basi nikafanya kazi. Nilifanya asubuhi mapema, kabla upepo wa Iringa haujaamka na kuleta vumbi, maana punje moja tu chini ya msasa inakurudisha nyuma wiki. Maji ya baridi yalinipasua vidole. Msasa ulikuwa wa shida; Bwana Mwakyoma aliutuma kutoka Mbeya kwa madereva, umekunjwa ndani ya gazeti, na dawa ya meno pia, wakati watu wengine mjini wanasugua meno kwa mkaa. Chaula alinikatia mpira wa tyubu kuukuu, tukaupanga kuzunguka fremu badala ya mpira wa zamani uliokauka, nikakaza bolti zake kidogo kidogo, pembe kwa pembe, ili dirisha lisikae kwa kuvutwa. Dirisha la kwanza lilipofunguka niliona yadi. Niliona Chaula anajikuna. Naye akaniona. "Kepteni!" akapiga kelele. "Kumbe unakula na mdomo wazi hivyo!" Mwanaidi akaja akabandika pua yake kwenye dirisha kutoka nje, mimi nikabandika yangu kutoka ndani. Kufikia mwisho wa mwaka yalikuwa yamepona yote, na wa mwisho ulikuwa ule mlango wa paa, ulionila kuliko mengine, kwa kuwa ndio uliolaliwa na jua. Usiku nililala chini yake nikaona nyota. Nikasema sawa, nimefika.

Ikaja habari kwamba Bwana Mwakyoma amepata lori, anakuja kuichukua boti, afike kabla ya masika. Mzee Sefu alifurahi kweli. Alikuwa na aibu ya muda mrefu moyoni, mzigo wa mtu umekaa kwake miaka kwa sababu ya lori lake, na alitaka mgeni akute mambo yamenyooka. Akanituma Ilula nikachukue nyanya za mchuzi wa wageni. Nilikwenda kwa lori nikarudi alasiri na tenga kichwani, na nilipoingia yadi nikamwona Mzee Sefu mwenyewe, mtu mzima, kanzu ameikunja kiunoni, amepiga magoti juu ya boti. Pembeni yake ndoo. Mwanaidi amesimama chini ameshika matambara. Harufu niliisikia nikiwa getini. Niliweka tenga chini nyanya zikabingirika.

"Mzee," nikasema, "alisema petroli haifai hapo."

"Haifai kwa nini? Ona." Akafuta mara moja zaidi. Mlango wa paa ulikuwa unang'aa kama maji. Kwa kweli ulikuwa unang'aa. "Wewe umesugua na dawa ya meno kama unasafisha kinywa cha bibi. Mimi nimeosha magari kabla hujazaliwa. Mgeni wangu hawezi kupanda kitu chenye vumbi."

Nilikimbia kuchukua maji na sabuni, nikaosha na kuosha. Yeye alishuka akijifuta mikono, ameridhika, akaenda kuswali. Ubavuni alikuwa hajagusa. Nililala chini ya mlango ule nikiutazama, na hadi nasinzia ulikuwa mzima. Jua la asubuhi lilipoupiga nilisikia, au nadhani nilisikia, mlio mdogo kama wa chumvi kwenye kikaango. Nyufa. Ndogo, nyembamba kama nywele, nyingi zisizohesabika, zimeanzia kwenye matundu ya bolti na kuingia katikati, na mwanga ulipozipita zilimeremeta zote. Sikulia. Nilikaa tu na mikono magotini.

Bwana Mwakyoma alifika saa ya chai. Alikuwa amekonda, koti limemwacha. Alipanda ngazi taratibu, akapapasa madirisha ya ubavuni moja moja, akawa anaguna kwa furaha, "Gwe! Gwe, mwangalie huyu!" Halafu akafika kwenye mlango wa paa. Akasimama. Aliinama akanusa, maana harufu ilikuwa bado kwenye mpira. Akashuka. Tulikuwa wanne pale: yeye, Mzee Sefu, mimi, na Mwanaidi ameshika sinia la vikombe.

"Nilikuambia nini?" akaniuliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilimtazama Mzee Sefu. Nilimpa nafasi. Alikuwa anavuta tasbihi, punje kwa punje, macho yake yako barabarani. Halafu akatikisa kichwa, akasema, "Vijana, Bwana Mwakyoma. Vijana hawa."

Watu niliowahi kuwasimulia wananiuliza, mbona hukusema? Wanaouliza hivyo hawajawahi kula kwa mtu. Yule alikuwa baba mwenye nyumba, yuko mbele ya mgeni wake na mbele ya mtoto wake, na mimi ni mlala botini. Ningesema, nani angeniamini? Kwenye sukari nilisema. Nilisema hadi sauti ikanikauka. Safari hii nilifunga mdomo, na sijutii, kwa sababu najua neno langu lilikuwa na uzito gani mwaka ule. Lilikuwa halina uzito wowote.

"Hapo ni pa kukanyaga," Bwana Mwakyoma akasema. "Wimbi likipanda, mtu akikanyaga hapo, anaingia na mguu mzima. Ziwani ukikosea hakuna wa kukurudia mara ya pili. Siwezi kwenda na wewe." Akakohoa muda mrefu. Chaula akaufungua mlango wa paa, akautupa kwenye vyuma chakavu, akaziba tundu kwa ubao. Boti ikavutwa ikatoka getini, mlingoti unatikisika, na madirisha yangu manne yanaakisi yadi nzima, na mimi ndani ya yadi.

Nilibaki kwa Mzee Sefu hadi masika yakaisha, naosha magari. Hakuniambia neno juu ya jambo lile, ila nyama ilianza kuonekana kwenye sahani yangu. Niliila. Halafu siku moja nikadandia lori la mahindi linalokwenda Mbeya, nikisema nitamtafuta Bwana Mwakyoma nimwambie mwenyewe, tukiwa wawili, bila wa kumwaibisha. Ilomba nilielekezwa nyumba. Nilipoifikia nikakuta turubai limefungwa uani, na akina mama wamekaa chini kwenye mikeka, na mimi sikuhitaji kuuliza. Boti ilikuwa pale pale, katikati ya migomba. Haikufika ziwani. Lori lile lilikuwa limekodiwa hadi Mbeya tu, na kabla hajapata lingine kifua kilimkamata. Dada yake alinipa ugali, bila kujua mimi ni nani, akaniambia, "Alikuwa anashinda mle ndani, anatazama migomba. Alisema kuna kijana alimtengenezea madirisha vizuri sana, halafu mwishoni akafanya uvivu." Nilimaliza ule ugali. Nikanawa. Ningemwambia nani?

Mlingoti, uliokuwa wa alumini, ulikuja kuuzwa, ukayeyushwa ukawa masufuria. Ndani wakafugia kuku. Mimi nilibaki Ilomba kwa sababu sikuwa na nauli ya kwenda kwingine, na kwa sababu kitu pekee nilichokijua duniani ilikuwa kurudisha mwanga kwenye plastiki iliyokufa. Nilianza na ngao za plastiki za pikipiki, nikaja kwenye madirisha ya mabasi, na taa za magari zilipokuja kuwa za plastiki, barabara kuu yote ikawa yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Ziwa nimelifikia mara moja, kikazi, kuchukua gari. Sikukaa.

Kwenye msiba wa Mzee Sefu nilikwenda kwa shari, nakiri hivyo bila aibu. Nilitaka kuona anawekwa chini. Baada ya maziko Mwanaidi, sasa mama mtu mzima mwenye wajukuu, akanishika mkono. "Kaka, njoo uone chumba cha baba." Kitanda, mswala, redio. Na ukutani, upande wa yadi, dirisha dogo lisilofanana na mengine. Mlango wa paa. Fremu yake ile ile, mpira wa tyubu wa Chaula, na zile nyufa, zimezeeka, zimekuwa za manjano. Alilala akilitazama miaka yote hiyo.

"Alikuwa mkali nalo," Mwanaidi akasema. "Maji na sabuni tu, kwa mkono. Mke wa kaka yangu alilifuta siku moja kwa spiriti, baba alipiga kelele hadi majirani wakaja." Akapapasa fremu kwa kidole. "Mimi nilishika matambara siku ile, kaka. Nilikuwa mtoto."

"Najua," nikamwambia. "Hukuwa na kosa."

"Baba aliwahi kukuambia kitu?" akaniuliza.

"Hapana."

Ndugu wanataka kuiuza nyumba ile. Mwanaidi aliniuliza kama nalitaka, nikaomba bisibisi. Sijui kama lile dirisha lilikuwa toba au mzee alikuwa na tundu ukutani tu. Mtu anayetaka kutubu ana mdomo, na basi la Mbeya lipo kila siku.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Ilomba, vyumba sita, bati jipya. Nina gereji ya kung'arisha taa na vioo vya plastiki, mashine tatu, na ukuta uliokamilika. Nina gari dogo la mizigo. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la viazi Uyole. Nina kiwanja ambacho sijajenga. Na nina dirisha moja la boti, bovu, lisilofaa kwa kazi yoyote, nimelifunga gerejini upande linapotokea jua. Wateja wanaliona, wanacheka, wananiuliza fundi gani huyu, anang'arisha vya watu na lake limepasuka hivi. Nawaambia hilo sikuliharibu mimi.